Nondo Aliyevuka Bahari na Sumu Inayomwandama

Mgeni akiuliza nondo Kariakoo, ataelekezwa upande wa Gerezani, kwenye maduka ya vyuma, kwa maana katika mitaa hiyo neno hilo ni la fito za chuma zinazojengewa nguzo na dari za zege. Nondo wa pili, mwenye mbawa za rangi ya vumbi, hana duka wala hana anayemuulizia. Hata hivyo, alama zake zipo sokoni kila msimu wa mahindi mabichi. Mchoma mahindi kwenye kona ya Mtaa wa Msimbazi anapoambua maganda, mara kwa mara hukuta ncha ya hindi imetafunwa, ndevu zimekatika, na ndani yake amejikunja kiwavi wa kijivu aliyezungukwa na kinyesi kinachofanana na vumbi la mbao. Mteja hurudi nyuma hatua moja na kuuliza kama hindi hilo lina sumu.

Swali hilo ni zuri, na jibu lake lina sehemu mbili. Kiwavi yule hana sumu, hana miiba inayowasha, wala haambukizi binadamu ugonjwa wowote. Sumu ipo, lakini imo katika chupa iliyonunuliwa kumuua. Ili mtu aelewe ni kwa nini chupa hiyo mara nyingi humkosa mdudu na kumpata binadamu, hana budi kuyajua maisha ya mdudu mwenyewe, siku hadi siku.

Mzaliwa wa Marekani

Jina lake la kitaalamu ni Spodoptera frugiperda. Lilianzia katika kitabu cha mwaka 1797, ambamo mtaalamu wa Uingereza, James Edward Smith, alieleza vipepeo na nondo wa Georgia, kusini mwa Marekani, kutokana na michoro ya John Abbot aliyeishi huko. Neno frugiperda ni la Kilatini, na maana yake ni upotevu wa mazao. Wakulima wa Tanzania wamempa jina lililo wazi zaidi: kiwavijeshi vamizi.

Katika Amerika ya Kaskazini nondo huyu ni msafiri. Hana uwezo wa kulala usingizi wa majira ya baridi kama wafanyavyo wadudu wengi wa nchi zile, na barafu humuua. Kwa hiyo kila mwaka baridi inapokaza, hubaki hai kusini tu mwa Florida na mwa Texas. Joto linaporejea, kizazi kimoja baada ya kingine huruka kuelekea kaskazini hadi kufika Kanada. Nondo mmoja anaweza kwenda takribani kilomita 100 kwa usiku mmoja akisaidiwa na upepo.

Mdudu wa namna hiyo anapofika nchi isiyojua barafu, hana sababu ya kuhama wala ya kufa. Mwezi Januari 2016 alionekana Nigeria, na muda mfupi baadaye Benin, Togo na São Tomé. Uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kuwa nondo wa Togo wanafanana na wale wa Florida na visiwa vya Karibi. Mwaka 2017 aliripotiwa Tanzania, kuanzia mkoani Rukwa, na kabla ya muda mrefu akawa ameenea katika mikoa inayolima mahindi. Mwaka 2018 alifika India, na mwaka 2019 Uchina.

Wakulima wa Afrika Mashariki walikwishamjua ndugu yake, kiwavijeshi wa asili, ambaye jina lake la kitaalamu ni Spodoptera exempta. Huyo huja kwa makundi, huandamana kama askari kutoka shamba hadi shamba, kisha hutoweka hadi msimu mwingine. Mgeni huyu hana tabia hiyo. Hukaa mwaka mzima, hula zaidi ya aina 80 za mimea, na hujificha. Kujificha huko ndiko chanzo cha matatizo yote yanayofuata.

Siku 30 za maisha yake

Katika hali ya joto, mzunguko wa maisha ya nondo huyu hukamilika kwa takribani siku 30, na katika majira ya baridi ya nchi zake za asili unaweza kufikia siku 80 au 90. Una hatua nne, na kila hatua ina somo lake.

Hatua ya kwanza ni yai. Jike hutaga usiku, aghalabu chini ya jani, kwa mafungu ya mayai 100 hadi 200, na huyafunika kwa manyoya ya tumbo lake hata fungu likafanana na kipande cha sufi chenye ukungu. Katika maisha yake yote anaweza kutaga mayai zaidi ya 1,000. Mayai huanguliwa baada ya siku 2 hadi 4. Mkulima anayekagua shamba lake hatua hii anahitaji vidole viwili tu vya kuliponda fungu zima.

Hatua ya pili ni kiwavi, nayo huchukua kati ya wiki 2 na 3. Kiwavi huvua ngozi na kupita vipindi sita vya ukuaji, kutoka urefu usiofika milimita 2 hadi kupita milimita 30. Anapokuwa mchanga hukwangua ngozi ya jani na kuacha madoa meupe kama vioo vya dirisha, na hubebwa na upepo kwa uzi mwembamba kwenda mmea wa jirani. Akikua, huingia ndani ya moyo wa mmea, mahali majani machanga yanapojiviringa, na kuziba mlango kwa kinyesi chake. Humo hula mwenzake akimkuta, ndiyo maana mara nyingi hubaki mmoja. Alama zake ni mbili: mstari mweupe usoni unaofanana na herufi Y iliyopinduliwa, na madoa manne meusi yaliyopangwa kama pembe za mraba karibu na mwisho wa mwili.

Hapa ndipo msiba unapoanza. Kiwavi mchanga hula kidogo mno, hivyo mkulima hamwoni. Katika kipindi cha mwisho hula sehemu kubwa ya chakula cha maisha yake yote, na shamba huonekana limechakaa kwa siku chache. Mkulima hushtuka na kukimbilia chupa. Lakini wakati huo kiwavi yumo ndani ya moyo wa mmea chini ya kizibo cha kinyesi, au ameingia ndani ya hindi chini ya maganda. Sumu inayopuliziwa juu ya majani saa sita mchana haimfikii. Mkulima huona hajafa, huongeza kipimo, huchanganya aina mbili au tatu, na hurudia baada ya siku chache. Sumu hiyo yote huenda kwenye mikono, mapafu na nguo za mpuliziaji, kwenye udongo, na kwenye mboga zilizopandwa kando.

Hatua ya tatu ni pupa. Kiwavi aliyeshiba hudondoka chini, hujichimbia udongoni sentimita 2 hadi 8, na kulala humo siku 8 au 9 akiwa na rangi ya kahawia. Sumu ya majani haina kazi yoyote juu yake. Shamba hutulia, na mkulima huamini kuwa mchanganyiko wake wa mwisho ndio uliofanya kazi. Imani hiyo humfanya aurudie msimu ujao.

Hatua ya nne ni nondo mwenyewe, mwenye upana wa mbawa wa milimita 32 hadi 40. Huishi siku 10 hivi, hutembea usiku, na hutaga sehemu kubwa ya mayai yake katika siku za mwanzo. Mchana hajitokezi, na apuliziaye mchana hamkuti.

Ukizihesabu siku hizo, dirisha ambalo kiuatilifu kinaweza kumfikia mdudu ni siku chache tu baada ya mayai kuanguliwa, asubuhi mapema au jioni, kwa kulenga moyo wa mmea. Nje ya dirisha hilo, anayebaki kupokea sumu ni binadamu.

Neno dawa na chupa isiyo na lebo

Kiswahili cha mitaani hakitofautishi dawa inayoponya na dawa inayoua. Katika maduka ya pembejeo yanayozunguka Soko la Kariakoo, na kwa wachuuzi wanaotangaza kwa vipaza sauti dawa ya mende, kunguni na panya, neno ni moja. Jina la heshima huondoa hofu. Mtu asiyeweza kuthubutu kuweka sumu chini ya kitanda cha mtoto huweka dawa. Wapo pia wanaochukua kiuatilifu kilichotengenezwa kwa ajili ya mahindi na kukipulizia chumbani ili kuua kunguni, katika nyumba za vyumba vilivyobanana ambamo hewa haizunguki.

Hatari huongezeka pale sumu inapopimwa kwa kifuniko na kuuzwa kidogokidogo katika chupa za maji au soda. Mnunuzi hupata bei nafuu, lakini hupoteza lebo, na pamoja na lebo hupoteza jina la sumu, kipimo chake, idadi ya siku za kusubiri kabla ya kuvuna na maelezo ya huduma ya kwanza. Hupoteza pia mstari wa rangi ulio chini ya lebo, ambao hata asiyejua kusoma anaweza kuufuata: nyekundu ni sumu kali sana, njano ni sumu ya hatari ya kati, bluu ni ya hatari ndogo zaidi, na kijani ni ile isiyotarajiwa kuleta madhara makubwa ikitumiwa kama ilivyoelekezwa. Mtoto mwenye kiu akikuta chupa ya soda haulizi lebo.

Madhara haya yalikuwepo kabla ya kiwavijeshi vamizi kuja. Utafiti wa A. V. F. Ngowi na wenzake uliochapishwa mwaka 2007, miongoni mwa wakulima wadogo wa mboga kaskazini mwa Tanzania, ulionyesha kuwa asilimia 68 ya wakulima waliwahi kujisikia kuumwa baada ya kupulizia viuatilifu. Walitaja matatizo ya ngozi, kizunguzungu na kuumwa kichwa. Mgeni huyu amewaongezea wakulima kama hao sababu ya kununua chupa zaidi.

Usajili na udhibiti wa viuatilifu nchini umo mikononi mwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, iliyoundwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020. Bidhaa halali huwa na namba ya usajili na lebo inayosomeka. Asiyeviona viwili hivyo asinunue.

Mgonjwa anapofika zahanati

Mgonjwa wa sumu ya viuatilifu mara nyingi haji akisema amekula sumu. Huja akilalamikia kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika na jasho, na dalili hizo hufanana na za malaria au za tumbo lililochafuka. Kipimo cha malaria kikiwa hasi, huenda akarudishwa nyumbani na vidonge vya maumivu, akaenda kuvaa shati lilelile lililolowa sumu. Swali moja linaweza kubadili mwelekeo: "Je, jana au leo ulipulizia dawa yoyote, shambani au nyumbani?" Neno dawa litumiwe kwa makusudi, maana mgonjwa akiulizwa juu ya sumu atakana kwa nia njema.

Viuatilifu havifanani, wala matibabu yake. Oganofosfeti na kabameti huzuia kimeng'enya cha asetilikolinesterasi kinachozima ishara za neva. Matokeo yake, mwili hufunguka mifereji yote: mate, machozi, jasho, mkojo, kuhara na makohozi mengi mapafuni. Mboni za macho husinyaa kama ncha ya sindano, moyo hupunguza kasi, misuli hucheza chini ya ngozi, na mgonjwa anaweza kupata degedege. Mauti huja kwa kushindwa kupumua.

Kazi ya kwanza ni njia ya hewa, kupumua na oksijeni. Atropini isicheleweshwe. Mtu mzima huanzishiwa miligramu 1 hadi 3 kupitia mshipa, na kipimo huongezwa maradufu kila baada ya dakika 5 mpaka mapafu yasafike, mapigo ya moyo yapite 80 kwa dakika na shinikizo la juu la damu lipite milimita 80 za zebaki. Ukubwa wa mboni hautoshi kuwa kipimo cha kufanikiwa. Diazepamu hutumika kwa degedege, na pralidoksimu hutolewa kwa kufuata mwongozo wa kituo. Mgonjwa aliyepata nafuu asiruhusiwe haraka, kwa sababu kati ya siku ya kwanza na ya nne misuli ya shingo na ya kupumulia inaweza kulegea ghafla. Asiyeweza kunyanyua kichwa kutoka kwenye mto yuko hatarini.

Pairethroidi, sumu za viwandani zilizoigwa kutoka kwenye pareto, aghalabu huleta ganzi na mwasho wa uso, na mara nyingine mtetemeko. Emamektini, inayotumiwa sana dhidi ya kiwavijeshi, huweza kuleta usingizi mzito na kupoteza fahamu. Hizi mbili hazitibiwi kwa atropini pale ambapo dalili za mifereji kufunguka hazipo. Kwa hiyo, chupa iliyoletwa na ndugu wa mgonjwa ina thamani kubwa.

Mhudumu akumbuke pia kuwa wapo wanaokunywa sumu kwa kukata tamaa. Akihisi hivyo, aulize kwa upole na faraghani, kisha amkabidhi mgonjwa kwa huduma ya afya ya akili kabla hajaondoka. Nyumbani, kufungia sumu kwenye sanduku lenye kufuli, au kutokuwa nayo kabisa, huokoa maisha.

Kwa aliye nyumbani au shambani, huduma ya kwanza ni hii:

- Mtoe mgonjwa mahali penye sumu, na anayemsaidia avae glavu au mifuko ya plastiki mikononi.
- Mvue nguo zote zilizolowa, umwoshe kwa maji mengi na sabuni, hata nywele na kucha. Macho yasafishwe kwa maji yanayotiririka kwa dakika 15.
- Usimtapishe, wala usimpe maziwa au mafuta kwa kudhani yataua sumu.
- Akipoteza fahamu, mlaze kwa ubavu.
- Mpeleke kituo cha afya mara moja, ukichukua chupa au lebo.

Mlaji na kikapu chake

Turudi kwa mteja wa Mtaa wa Msimbazi. Hindi lenye kiwavi laweza kukatwa ncha, likachomwa na kuliwa. Linalotakiwa kuogopwa ni lile lenye ukungu. Tundu la kiwavi hufungua mlango kwa kuvu, na baadhi ya kuvu hao hutengeneza sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kuchoma wala kwa kupika. Mwaka 2016, kabla kiwavijeshi vamizi hajaripotiwa nchini, sumukuvu katika mahindi iliwapata watu 68 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na 20 kati yao walifariki. Punje zilizotobolewa, zilizovunjika au zenye rangi ya kijani au nyeusi zitupwe kabla ya kusaga, na asipewe kuku wala ng'ombe.

Mboga za majani na nyanya ziko wazi zaidi kuliko hindi lililovaa maganda. Zioshwe kwa maji safi yanayotiririka, zikisuguliwa kwa mkono, na zile zenye ganda zimenywe. Kuosha na kupika hupunguza mabaki ya sumu ingawa hakuyamalizi. Hofu hiyo isimfanye mtu aache mboga: Shirika la Afya Duniani linashauri kula walau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na mgonjwa wa kisukari au shinikizo la damu anazihitaji zaidi ya wengine.

Silaha zisizo na fuvu kwenye lebo

Mkulima anayelima bondeni Msimbazi au aliye mbali Kibaigwa ana njia nyingine. Kupanda mapema na kwa pamoja, kukagua shamba mara mbili kwa wiki, kuponda mayai na kuokota viwavi kwa mkono hutosha katika mashamba madogo mengi. Kituo cha icipe cha Nairobi kilichapisha mwaka 2018 matokeo ya mbinu ya sukuma-vuta, ambamo mahindi huchanganywa na desmodiamu na kuzungushiwa nyasi maalumu. Katika mashamba ya Kenya, Uganda na Tanzania, viwavi kwa kila mmea walipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Nyigu wadogo wanaotaga ndani ya mayai ya nondo huyu nao wapo Afrika, na hufa wa kwanza sumu inapopuliziwa ovyo.

Nondo aliyetoka Florida hatarudi kwao. Atazaliwa, atakula, atajizika na kuruka kila mwezi, mwaka baada ya mwaka. Mkulima anayejua ni siku gani mdudu huyu yuko wazi atanunua chupa chache. Muuzaji wa Kariakoo anayekataa kumimina sumu katika chupa ya soda atakuwa amemwokoa mtoto asiyemjua. Na mhudumu wa afya anayeuliza lile swali moja, kabla ya kuandika cheti cha malaria, huenda akamrudisha mgonjwa nyumbani akiwa hai.